Ndugu Yako Amefika Kutoka Vitani: Aende Wapi, Aseme Nini, Alipe Nini

Mlango unagongwa saa tatu usiku. Ni binamu ya mama yako, au kijana wa jirani wa zamani kule Fizi, Uvira au Minembwe. Ana watoto wawili, mmoja si wake, na mfuko wa nailoni wenye nguo. Namba yako ameipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Utawapa chakula na mahali pa kulala. Asubuhi atakaa kwenye ukingo wa kitanda na kukuuliza: sasa nifanye nini?

Nakuandikia wewe mwenyeji wake, kwa sababu mtu aliyekimbia vita haanzi kwa wakili. Huanza kwa mtu wa kwao aliyetangulia, na ukimwelekeza vibaya siku ya kwanza, kosa hilo litamfuata miaka kumi. Nimechukua mfano wa watu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Hao wamekuwa wakibisha milango ya Nairobi, Kampala, Kigoma na Bujumbura kwa takriban miaka thelathini, na mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa, makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi peke yake. Tena miongoni mwao wamo watu wa jamii ndogo ambao taabu yao ya vitambulisho ilianza kabla ya risasi.

Kwanza shika jambo hili, maana nitalirudia: kuandikishwa ukimbizi ni bure. Kuhojiwa ni bure. Kutafutiwa ndugu aliyepotea ni bure. Kupelekwa nchi nyingine chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa ni bure. Utakacholipa ni nauli ya kwenda ofisini, fotokopi, labda picha, na siku nzima za kusubiri. Yeyote anayekuuzia kimojawapo cha hivyo vinne ni mwizi, hata akiwa na beji shingoni.

Yeye ni nani mbele ya sheria?

Mtu aliyekimbia vita lakini bado yuko ndani ya nchi yake ni mkimbizi wa ndani. Serikali yake ndiyo yenye wajibu kwake. Akivuka mpaka na kuomba ulinzi, huyo ni mwomba hifadhi. Ombi lake likikubaliwa, anakuwa mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mkimbizi kama mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza watu waliokimbia vita na machafuko makubwa, hata kama hakuna aliyewawinda kwa majina. Kwa hiyo mgeni wako hahitaji kuonyesha kovu. Kukimbia vita kunatosha kumpa haki ya kuomba.

Na kama alivuka kwa njia ya panya bila pasipoti? Mkataba wa 1951 unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, ila kwa masharti, likiwamo hili: ajitokeze mapema mwenyewe na kueleza sababu. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanajificha kwa ndugu mwaka mzima wakiogopa polisi, kumbe kujificha ndiko kunakowafanya waonekane wahalifu.

Aende wapi, na ana siku ngapi?

Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa siku 30 tangu aingie. Anayemwandikisha ni serikali, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, wala si UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi ambalo Wakongo wengi huliita HCR. Ajue pia kwamba Kenya inamtaka mkimbizi aishi katika maeneo yaliyotengwa: Kakuma na Kalobeyei kule Turkana, au Dadaab kule Garissa. Kukaa Nairobi kunahitaji kibali chenye sababu, kama matibabu, masomo au hatari inayomkabili kambini. Aulize habari za kibali hicho siku ileile anapojiandikisha, asisubiri kuulizwa na askari barabarani.

Uganda pia ni siku 30, na ofisi husika ni ile ya Waziri Mkuu. Aliyeingilia Bunagana hupokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Nyakabande, Kisoro, kisha hupelekwa kwenye makazi kama Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja. Aliyefika Kampala moja kwa moja aulizie ofisi ya wakimbizi ya Old Kampala. Uganda humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea atakako, lakini msaada mwingi hutolewa kwenye makazi, si mjini.

Tanzania ndiyo yenye muda mfupi zaidi: siku 7. Aende kwa ofisa mtendaji wa kijiji, polisi au Uhamiaji walio karibu naye, aseme wazi kwamba anaomba hifadhi. Wakongo wengi wako kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa, kwa hiyo usimshauri aje Dar es Salaam kutafuta kibarua kwanza, halafu mambo mengine baadaye.

Siku zikiwa zimepita, aende tu. Aeleze ukweli: aliumwa, alikuwa na mtoto mgonjwa, hakujua. Kuchelewa kunaelezeka, cheti cha kughushi hakielezeki.

Hana cheti chochote. Itakuwaje?

Ofisa wa wakimbizi ameshazoea kuwaona watu wasio na kitu mkononi. Lakini kwa watu wa jamii ndogo kuna jambo la zaidi, na ni vizuri mwenyeji ulijue ili umsaidie kulisema.

Chukua Banyamulenge, wafugaji wa milima ya Itombwe wanaozungumza lugha iliyo karibu na Kinyarwanda. Mwaka 1981 nchi yao, wakati huo ikiitwa Zaire, ilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha wengi wao, pamoja na watu wengine wenye asili ya Rwanda, bila uraia wa uhakika. Sheria ya 2004 ilibadilisha hilo: inawatambua kuwa Wakongo watu wa makabila yaliyokuwa katika ardhi ya nchi hiyo wakati wa uhuru wa 1960. Ila sheria ya kwenye makabrasha haijafika kila kijiji, na wapo waliokua bila hata kadi ya kupigia kura. Mtu wa namna hiyo akiulizwa uraia, hubabaika. Wengine hujiita Wanyarwanda kwa kudhani ndiyo njia rahisi, na hapo faili lao linaanza kwa uongo.

Aseme alivyo. Alizaliwa kijiji gani, chifu alikuwa nani, soko la karibu lilikuwa siku gani, alivuka mto upi. Ofisa mwenye uzoefu huamini zaidi mtu anayejua njia ya kwenda kisimani kuliko mwenye cheti kipya kinachong'aa. Na aliyetoka jamii nyingine za huko, awe Mubembe, Mufuliiru au Munyindu, naye afanye vivyo hivyo. Vijiji vimechomwa pande zote.

Je, afiche kabila lake? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalielewa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliingia kambi ya Gatumba, Burundi, karibu na mpaka wa Kongo, wakaua wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge. Waliouawa walikuwa wameshafika mahali walipodhani ni salama. Kwa hiyo hofu si ujinga. Hata hivyo jibu langu ni lilelile: mbele ya ofisa wa hifadhi asifiche, kwa sababu huenda kabila lake ndilo sababu yenyewe ya kulindwa. Anachoweza kufanya ni kuomba ulinzi ndani ya ukweli huo. Ana haki ya kuomba mkalimani mwingine ikiwa anamwogopa aliyepewa. Mwanamke aliyedhalilishwa anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke. Na akipangiwa kukaa mtaa wa kambi ambako maadui zake wako jirani, aseme palepale, kwa maandishi ikiwezekana, na abaki na nakala.

Majina na tarehe: hapa ndipo watu huangukia

Namjua mama mmoja ambaye jina la baba yake liliandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Kwake lilikuwa jina moja. Kwenye kompyuta walikuwa wanaume watatu. Kulinyoosha jambo hilo kulimchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe ya kutoka Kongo.

Kabla hajaingia ofisini, kaa naye mezani na daftari. Aandike majina yake yote kwa mpangilio atakaoutumia maisha yake yote, na wewe uangalie herufi. Kama hajui tarehe ya kuzaliwa, asibuni. Aseme mwaka kwa makadirio. Ndiyo maana utakuta wakimbizi wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari: ofisa ameandika hivyo kwa kukosa siku kamili. Si kosa, mradi tarehe hiyohiyo ibaki kila mahali.

Kisha aorodheshe familia yote. Mume au mke, watoto wote, wazazi, ndugu wa tumbo moja. Walio hai, waliokufa, na wasiojulikana walipo. Hapa watu huogopa: nikisema nina mume aliyepotea, si watanichelewesha? Wanamwacha nje ya orodha. Baada ya miaka mitano mume anapatikana Kigoma akiwa hai, na mke yuko ng'ambo na faili linalosema hana mume. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani ana miaka 2 ya kumwombea mwenzi na watoto wake wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 21, na fomu hiyo haina ada. Kanada hutoa mwaka 1 kwa wanafamilia waliobaki nyuma. Lakini zote mbili huuliza swali lilelile: mbona hukumtaja?

Sasa yule mtoto wa pili, asiye wake. Kishawishi ni kumwandikisha kama mwanaye ili wasitenganishwe. Usikubali. Mtoto huyo pengine ana mama anayemtafuta kambi nyingine, na jina likibadilishwa mama huyo hatampata tena. Zaidi ya hayo, siku moja wanaweza kupimwa vinasaba, yaani kipimo cha damu au mate kinachoonyesha undugu, na familia nzima ikakwama kwa neno moja la huruma. Aandikwe kama mtoto aliye chini ya ulezi wake. Kwa kawaida atabaki naye, na watu wa ustawi wa watoto watakuja kumwona.

Jinsi ya kumtafuta aliyepotea

Nenda Msalaba Mwekundu. Kazi hii wanaifanya tangu vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, walipofungua ofisi Basel, Uswisi, ya kuunganisha wanajeshi waliotekwa na familia zao. Leo vyama vya Msalaba Mwekundu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo vinashirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na katika kambi kubwa utawakuta watu wao wa kujitolea wenye vizibao vyekundu. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Uliza habari za kutafuta ndugu.

Watakupa njia kadhaa. Ya kwanza ni simu: penye huduma hiyo, mkimbizi hupewa dakika chache kuwapigia watu wake. Ya pili ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa ambamo unaandika salamu na habari za familia tu. Usiandike siasa, wala nani yuko upande gani, wala jeshi limepita wapi. Husomwa, na yenye mambo hayo haipelekwi. Ya tatu ni ombi la kumtafuta mtu. Hapo lete kila kijitambulisho cha kienyeji: jina la utani, jina la babu, kilema, kazi, kanisa au msikiti aliosali, mahali alipoonekana mara ya mwisho. "Alionekana sokoni siku mbili kabla ya kijiji kuchomwa" ni habari yenye thamani kuliko "mwaka jana".

Akipatikana, ataulizwa kwanza kama anataka upewe anwani yake. Wengine hukataa, na hilo huheshimiwa. Majina hayapelekwi kwa polisi wala kwa balozi. Majibu yanaweza kuchukua miezi au miaka, kwa hiyo ukihama au ukibadili namba ya simu, rudi uwaambie. Mafaili mengi hufa kwa sababu ndogo hiyo.

Na ng'ambo?

Ndilo swali ambalo mgeni wako alilitaka tangu asubuhi, ila aliona haya. Mwambie ukweli bila kumvunja.

UNHCR huzungumzia njia tatu za kumaliza ukimbizi: kurudi nyumbani kwa hiari, kukaa moja kwa moja katika nchi aliyopo, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Hii ya tatu ndiyo inayosimuliwa sana na kutokea kidogo: kwa mwaka mmoja hawafiki hata mtu 1 katika kila wakimbizi 100 duniani. Wala haina fomu ya kununua au dirisha la kuomba. UNHCR ndiyo inayochagua mafaili yenye uhitaji mkubwa, kwa mfano mtu anayewindwa hata uhamishoni, aliyeteswa, mgonjwa asiyetibika hapa, mwanamke au mtoto aliye hatarini. Kisha nchi husika humhoji upya na kuamua yenyewe. Mgeni wako anachoweza kufanya ni kueleza shida yake kwa ukamilifu tangu mwanzo na kulisasisha faili kila jambo jipya linapotokea.

Hata jamii nzima ikikubaliwa, safari ni ndefu. Wazigua wa Somalia ni mfano mzuri kwetu, kwa kuwa babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanga karne ya 19 na kupelekwa bonde la mto Juba, na Kizigua chao wengi hawakukiacha. Vita vya 1991 vilipoanza, hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Baadhi walikimbilia Tanzania, wakaishi Handeni na baadaye Chogo, na wengi wamepewa uraia. Wengine, pamoja na Wabantu wenzao wa Somalia, walikaa Dadaab. Marekani ilikubali kuwachukua mwaka 1999. Mwaka 2002 watu wapatao 12,000 wakabebwa kwa mabasi hadi Kakuma ili wahojiwe mahali penye usalama, na wa kwanza waliondoka 2003. Miaka minne, wakati mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Leo mlango huo umerudishwa. Marekani ilipokea wakimbizi 100,000 hivi katika mwaka wa bajeti wa 2024, Wakongo wakiwa ndio wengi kuliko wote. Januari 2025 mpango ukasimamishwa, na kwa mwaka wa 2026 kikomo kikawekwa watu 7,500, nafasi nyingi zikielekezwa kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Kanada ina njia ya kudhaminiwa na raia, vikundi vya watu watano au makanisa, lakini mwishoni mwa 2024 ilisitisha kupokea maombi mapya ya vikundi hivyo. Kabla ndugu wa Kanada hajaanza kuchangisha pesa, aangalie tovuti ya serikali yao wiki hiyohiyo.

Matapeli hustawi hasa milango inapofungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 genge moja Nairobi, likiwa na watu wa ndani ya ofisi za wakimbizi, liliwatoza watu mpaka maelfu ya dola kwa nafasi hizi, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulilianika. Siku hizi huja kwa WhatsApp, na nembo nzuri. Ukiombwa pesa ya "kufungua faili", hifadhi ujumbe na namba, kisha uripoti kwa UNHCR; anayeripoti hapotezi nafasi yake. Deni halali ni la nauli: kwa mfano, wanaopelekwa Marekani hutia saini mkopo wa nauli usio na riba, unaoanza kulipwa miezi kadhaa baada ya kufika, kamwe si kabla ya kuondoka.

Mambo mawili yanayosahaulika

Mkimbizi asiende ubalozi wa nchi yake kuomba pasipoti bila kuuliza kwanza. Kufanya hivyo kunaweza kuhesabiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa serikali aliyoikimbia, na hadhi yake ikafutwa. Akihitaji kusafiri, kuna hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa na nchi inayomhifadhi. Kwa mashauri kama haya Nairobi ina Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya, na Kampala ina Refugee Law Project. Wakimbizi hawatozwi ada ya wakili huko.

La pili ni mtoto atakayezaliwa uhamishoni. Chukua karatasi ya hospitali siku ya kutoka wodini, kisha ufuatilie cheti cha kuzaliwa kwa msajili wa wilaya. Ada yake ni ndogo na ya serikali, dai risiti. Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani na wengine kukimbia vita, waliishi vizazi kadhaa bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo wakaanza kupewa. Cheti kile cha wilayani kinakuepusha na mwendo huo.

Basi leo jioni malizeni daftari: majina, vijiji, waliopotea. Kesho asubuhi na mapema mpeleke akajiandikishe, na watoto wote wawili. Nenda naye mwenyewe, usimwachie maelekezo ya bodaboda, na beba maji, maana foleni ni ndefu.